Miti Aliyoichagua Baba

Nilikulia katika nyumba yenye harufu mbili. Mama alinukia moshi wa samaki na baba alinukia majani. Siku za kazi nyumba yetu ya Rusimbi ilikuwa ya moshi. Ijumaa alasiri baba alifika na baiskeli yake kutoka Kidahwe, vijani vibichi vimemganda kwenye miguu ya suruali, na ile harufu nyingine ikaingia naye, ikakaa nasi mpaka Jumapili.

Mama alikuwa mtu wa Ujiji, mjukuu wa watu waliovuka ziwa zamani kutoka Kongo wakaja na Kiswahili chao na sombe yao, kisamvu cha kwao. Alikausha migebuka kwa moshi kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kisha akaiuza sokoni Mwanga. Baba alikuwa Muha wa upande wa Kasulu, mlinzi wa msitu wa hifadhi uliokuwa vilimani juu ya Kidahwe. Alikuwa na kibanda huko na shati moja la kaki alilolifua mwenyewe. Kwa hiyo mmoja wao aliishi kwa kuchoma kuni, na mwingine aliishi kwa kuzuia zisikatwe. Kwa miaka mingi hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Samaki walikuwa wa kutosha watu waliokuwepo, na chanja moja ya mama, ule utandio wa fito juu ya moto, iliridhika na matawi makavu ya kuokota mashambani.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, baba alinichukua nikauone msitu wake. Tulipita kwanza kwenye miti iliyosimama mbalimbali, jua likishuka katikati yake kama ndani ya nyumba isiyo na paa. Tukashuka korongoni. Humo mchana ulibadilika. Hewa ilipoa ghafla, sauti zetu zikawa ndogo, na kila kitu kilikuwa cha kijani, hata mikono yangu. Juu kabisa mbega wekundu walikaa kwenye matawi, mikia yao ikining'inia bila kutikisika, wakatutazama kana kwamba walikuwa wanaota na sisi ndio ndoto yenyewe. Mwishoni mwa korongo palikuwa na jiwe kubwa, na chini ya jiwe maji yalitoka polepole, bila kelele.

"Kunywa," baba akasema.

Nikanywa. Meno yaliniuma kwa baridi.

"Maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanaingia mto Luiche," akasema. "Halafu yanakwenda kwa mama yako."

Alimaanisha ziwani. Lakini mimi niliporudi nyumbani nilimtazama mama kwa siku kadhaa, nikijaribu kuona maji yalipokuwa yanaingilia.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikingoja matokeo. Asubuhi nyingine ukungu ulipoinuka juu ya ziwa, mitumbwi iliyotokea haikuwa na samaki. Ilikuwa na watu, magodoro, mbuzi, mara moja cherehani iliyofungwa kwa shuka. Binamu wa mama alishuka na watoto watano, wakaja kwetu, na jamaa wengine baada yao, kwa sababu wangekwenda wapi tena? Warundi walikuja kwa miguu kutoka vilimani. Kambi zikajaa huko barabara ya Kasulu, malori yakajaa mjini, na kila mtu, mgeni na mwenyeji, alitaka kula. Biashara ya mama ikakua kama mtoto anayeota jino kila siku. Chanja moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Binamu yake akageuza samaki upande mmoja, mama upande mwingine, na mwalo mzima ukawa unaelea ndani ya moshi wa samawati hivi kwamba watu walionekana vichwa tu.

Matawi ya kuokota yakaisha. Mama akaanza kunituma Kidahwe, mara mbili kwa wiki, nikanunue kuni kando ya barabara na kurudi nazo kwenye gari la mizigo.

Huko ndiko nilikokutana na yule mwanamke. Alikuwa Mrundi mrefu, wa miaka kama thelathini, mwenye kitenge kilichopauka na binti mdogo aliyemshika upindo wakati wote. Aliishi kwa familia ya Warundi waliokuja zamani na kupewa mashamba pale kijijini. Mumewe alikuwa amebaki njiani. Alisema hivyo tu, "alibaki njiani," na sikumuuliza. Kuni zake zilipangwa vizuri kuliko za wengine wote, ncha zimelingana.

"Bwakeye, mdogo wangu," alikuwa akinisalimia.

"Bwakeye neza, dada. Kuni za wapi leo?"

"Za mlimani."

Milima ilikuwa mingi. Nilijiambia hivyo kila mara, huku nikitazama milima ile ilivyokaa katika ukungu wa joto, mmoja nyuma ya mwingine, haina mwisho. Mpaka siku moja nikaona ncha ya gogo moja ikitoa utomvu mwekundu, unaotiririka taratibu kama kidonda. Mninga. Baba alikuwa amenifundisha mti huo kwa kuukwaruza kwa ukucha wake na kuuomba radhi. Na mininga haikuwepo tena popote karibu na pale, isipokuwa ndani ya hifadhi.

Nilisimama kidogo. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikamwambia, "Pakia."

Tangu siku hiyo, Ijumaa nilikuwa naoga mapema kabla baba hajafika, kana kwamba angeweza kunusa. Alikuwa akirudi amechoka kuliko zamani. Aliwahi kuketi barazani, akavua viatu, akasema, "Leo nimehesabu visiki mpaka nikaacha." Mama alimmiminia chai. Mimi nilijishughulisha na kuchambua mchele uliokuwa tayari umechambuliwa.

Ukweli ulijulikana Jumatano, saa sita mchana. Nilikuwa kwenye mwalo na mama. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia kiasi kwamba milima ya Kongo ng'ambo ilionekana imekatwa na kuwekwa juu ya maji. Katika mng'ao ule nikamwona mtu anakuja akisukuma baiskeli kwenye mchanga. Nilidhani ni macho yangu. Alikuwa baba, siku isiyo yake. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga mapanga sita kwa mpira wa tairi. Alikuwa anayapeleka ofisini mjini, akapitia kuomba maji.

Mama alimpa maji. Alikunywa amesimama. Halafu macho yake yakaangukia rundo la kuni nyuma yetu. Akaweka kikombe chini, akalisogelea.  Alipitisha kiganja kwenye gogo moja, akainama akalinusa.

"Mama," akamwambia mama, kwa sauti ndogo, "asubuhi hii nimewanyang'anya mapanga wanawake sita. Mmoja alilia. Kumbe mnunuzi yuko kwangu."

Mama hakuacha kugeuza samaki. "Nyumbani tunalala watu kumi na wanne. Nani anawalisha? Mshahara wako?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema. Niambie niwashe moto kwa kitu gani. Kwa mchanga?"

"Ule msitu ukiisha, Luiche itakuja tope. Tope likiingia ziwani, hao samaki..."

"Hao samaki ni wa keshokutwa," mama akasema, na hapo sauti yake ikavunjika. "Mimi nina watoto wa leo, baba."

Binamu yake, aliyekuwa chanja ya pili, aligeuza uso akatazama majini. Baba alishika baiskeli yake. Hakwenda ofisini. Aligeuza kuelekea nyumbani, na jioni niliyakuta mapanga yote sita chini ya kitanda.

 Jumamosi baba aliniita barazani.

"Nani huwa anakwenda kununua?"

"Mimi, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Ulijua?"

Nilitaka kusema kwamba milima ni mingi. "Nilijua," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mazungumzo anayoyasikia peke yake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. "Jumatatu twende wote," akasema. "Tukawarudishie wenyewe mapanga yao. Ndiyo hayo hayo wanayolimia."

Jumatatu tukaenda. Wanawake walipomwona baba kwa mbali walitawanyika, isipokuwa yule Mrundi, ambaye binti yake alikuwa amelala mapajani. Baba alimsalimia, akamnyooshea panga. Aliligeuza mkononi, akarudisha.

"Hili si langu, Mzee. Langu lina kamba kwenye mpini."

Baba akalitafuta lenye kamba, akampa. Mwanamke yule alilipokea kwa mikono miwili.

"Urakoze, Mzee. Nimevuka nalo mpaka hapa." Kisha akanitazama mimi. "Mimi sipendi kupanda kule. Naogopa. Lakini binti yako anakuja na gari, na gari linataka kujaa. Samaki wenu mnawakaushaje hata wamalize kuni zote hizo?"

Nikamweleza chanja: fito, moto chini, upepo wa ziwa ukipeperusha moshi. Akaanza kucheka, cheko la kwanza nililomsikia nalo, la chinichini.

"Basi mnaota moto nyinyi na ziwa. Samaki anapata kidogo. Baba yangu alikuwa anachoma matofali na vigae kwetu. Moto unafungiwa ndani, mlango wake unakuwa mdogo. Udongo kule kwenu upo?"

Baba alimtazama muda mrefu. "Upo," akasema.

Ndivyo alivyokuja Rusimbi, yeye na binti yake, tukawa kumi na sita. Mama hakufurahi. Alisema mtu wa milimani atamfundisha nini mtu wa ziwani juu ya samaki. Lakini alimwonyesha udongo ulipo, karibu na mfereji, na mgeni yule akaanza kukanyaga na kuchanganya majani makavu yaliyokatwakatwa, akiimba chini kwa chini kwa Kirundi. Sauti yake, moshi, jua la saa nne. Wakati mwingine nilisahau kwamba nilikuwa nafanya kazi, nikajikuta nimesimama na karai la udongo kichwani, sijui nimesimama kwa muda gani. Tanuri likapanda mpaka kifuani: kuta nene, tundu dogo la kuni chini, ngazi za fito ndani, kifuniko cha bati juu.

"Siku kumi," akasema. "Likauke siku kumi."

Siku ya nne mitumbwi ilileta migebuka mingi kuliko kawaida. Mama alivumilia mpaka mchana. Kisha akawasha moto. Mwanamke yule alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi alikuta tumesimama sote tunatazama ufa unaopanda ukutani, taratibu, kama mjusi. Ukafika juu. Upande mzima ukaanguka ndani, juu ya samaki, na mvuke mweupe ukatufunika.

"Ona!" mama akapiga kelele. "Ona kazi yako! Samaki wote! Nenda, nenda kwenu!"

Mara tu alipolitamka neno lile, sote tukasikia lilivyokuwa. Hata mama. Mwanamke yule aliweka ndoo chini bila kumwaga tone, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kuelekea nyumbani. Mama alibaki akichomoa samaki kwenye vifusi, mmoja mmoja, akiwapangusa kwa upindo wa kanga ingawa hawakufaa tena.

Asubuhi iliyofuata hatukumkuta kwenye mkeka wake. Mama alivaa haraka. Nilimfuata. Ukungu ulikuwa umelala mwaloni, mitumbwi inasikika lakini haionekani, na ndani ya ukungu tulisikia sauti ya miguu inayokanyaga udongo. Alikuwa peke yake, magoti yake mekundu, analowesha vifusi ili autumie udongo ule ule. Mama alirudi nyumbani, akaja tena na chai na muhogo wa kuchemsha. Akakaa chini kwenye tope, na kanga yake ya kutokea.

"Dada," akasema, "nisamehe. Lile neno silo nililokuwa nalo moyoni."

"Mama, ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka. Lakini neno lile halikuwa la haraka, lilikuwa baya."

Mwanamke yule alikunywa chai nusu, akampa mama nusu. Kisha mama akavua viatu, akaingia kukanyaga naye. Safari hii walingoja siku kumi zote, na mama ndiye aliyewafukuza waliotaka kuligusa. Walipowasha, moshi ulitoka mwembamba kama uzi unaovutwa kutoka mbinguni. Kuni zilizokuwa zinaisha kabla ya adhuhuri zikafika hadi kesho yake. Mama alikaa kando ya tanuri, mikono imelegea mapajani. Hakuwa amezoea kuwa na mikono isiyo na kazi.

Ijumaa baba alilizunguka tanuri mara tatu, akaliwekea kiganja. Nadhani miezi ile michache ndiyo niliyomwona akiwa na furaha ya wazi.

Haikudumu kama alivyotaka. Wanawake wengine wa mwalo walikuja kujifunza, yule mgeni akawajengea, na matanuri yakasimama mstari mmoja ufukweni. Samaki wakakaushwa wengi zaidi, magari ya kambini yakabeba zaidi, na ilipofika kiangazi kilichofuata kuni zilizoshuka kutoka Kidahwe zilikuwa karibu zile zile. Baba aliliona hilo kabla yetu. Alicheka, akasema, "Majiko yameacha kula, wapikaji wameongezeka." Mama alikasirika, kisha akacheka naye. Lakini visiki vilikuwa vichache kuliko ambavyo vingekuwa bila matanuri, na hilo baba alilisema pia, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

Mwaka huo huo habari kubwa zaidi ikaja. Tajiri mmoja wa mjini alitaka ardhi ya michikichi na mahali pa kusimika mashine ya kukamulia mawese. Wakubwa walikuwa wameshakubali kuachia sehemu ya hifadhi. Kilichobaki ni mpaka upite wapi, na baba alitakiwa awe kwenye mkutano wa kijiji. Nilikwenda naye, na yule mwanamke akaja, maana alikuwa amerudi kuishi Kidahwe.

Tulikaa darasani. Paa lilikuwa na matundu mengi, na vidoa vya jua vilitembea juu ya mabega ya watu kadiri mkutano ulivyoendelea. Tajiri alieleza vizuri, kwa upole. Vijana watapata kazi. Darasa litaezekwa. Alitaka korongo lote, kwa sababu ndiko kwenye maji.

Kijana mmoja alisimama, akamgeukia baba. "Mzee, shikamoo. Sisi hatuuchukii msitu wako. Lakini umetulinda tusiuguse tangu nikiwa mtoto, na mimi leo nina watoto, na sina kazi. Huo msitu tutaula vipi?"

Nilimtazama baba. Nilikuwa nimezoea kwamba angekuwa na jibu. Watu wakaanza kujikohoza. Halafu akasimama.

"Sina jibu la kukushibisha," akasema. "Ungekuwa mwanangu ningekuambia hivyo hivyo. Chukueni mteremko wa chini, pande zote mbili. Kuanzia kwenye majabali kupanda juu, mpaka yanakotokea maji, muache. Mkikata kule juu, hata hiyo michikichi haitapata cha kunywa."

Tajiri akasema sehemu ya chini peke yake ni ndogo. Mama mmoja Muha, aliyekaa nyuma na jembe lake, akauliza kwa sauti kama anayezungumza na ndoo zake, yeye atachota wapi. Wanawake wakaguna wote pamoja. Guno lile ndilo lililomaliza mkutano: mpaka ukawa kwenye majabali.

Kazi ya kuweka mpaka akapewa baba. Tulikwenda watatu, asubuhi yenye umande, mimi nimebeba kopo la rangi nyekundu, yule mwanamke ameshika kamba. Mti uliopakwa pete ya rangi ungebaki. Usiopakwa ungekatwa. Tulitembea siku mbili ndani ya mwanga ule wa kijani, na sikumbuki kama tulizungumza. Nakumbuka brashi. Nakumbuka baba akisimama mbele ya kila mti, akiushika, akipaka au akipita. Alipopita bila kupaka aliendelea kuushika mpaka mkono uliposhindwa kufika.

Siku ya pili kamba iliangukia mninga mkubwa, mnene kiasi kwamba sisi watatu tusingeuzunguka. Mstari ulipita juu yake kidogo. Mti ulikuwa upande wa kukatwa.

"Baba," nikasema, "hatua nne tu. Sogeza."

"Mimi ndiye niliyesema kwenye majabali," akajibu. "Nikisogeza hatua nne leo kwa kuwa naupenda, kesho mwingine atasogeza arobaini kwa kuwa hapendi."

Akaenda kukaa kwenye mzizi, akatoa chupa ya maji, akatugeuzia mgongo. Alikunywa polepole sana. Mwanamke yule alinitazama. Akaenda kwenye kigingi kilichoishika kamba, akaking'oa, akateremka hatua nne, akakipigilia kwa jiwe lililofungwa kwenye kitambaa cha kichwa chake lisitoe sauti. Kamba ikakaza upya. Baba alipoinuka, akageuka, alisimama akaitazama kamba.  Akachovya brashi, akaupaka mninga pete nene, akaizungusha mara ya pili. Hakutuuliza kitu, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mashoka yalipoanza, baba alikuja nyumbani akalala chumbani wiki nzima. Ilikuwa likizo yake ya kwanza. Mama aliacha tanuri kwa binamu yake, akakaa naye, wakati mwingine akimkanda miguu, wakati mwingine wakiiacha redio iongee peke yake. Mvua za kwanza zilipokuja, Luiche ilileta tope, na ufukwe ambao nilikuwa naona vidole vyangu ndani ya maji ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alisimama kwenye maji yale, kanga imepandishwa, akayatazama. Aliporudi nyumbani alimwambia baba, "Ulisema." Basi.

Yule mwanamke ndiye aliyekwenda kwa vijana wa michikichi kuwaambia kwamba kwao kwenye milima mikali hupanda majani ya tembo kwa mistari, kukata mteremko, udongo usikimbie. Walimdharau, halafu mvua nyingine ikachukua miche yao, wakamwita. Akawa msimamizi wa kitalu. Darasa likaezekwa kweli. Yule kijana wa mkutanoni akapata kazi kweli, na alipomwona baba barabarani alishuka kwenye baiskeli kumwamkia. Mbega walihamia juu ya majabali; hawakuwa wengi tena, na walikuwa na kelele, kama watu waliobanana. Maji chini ya jiwe hayakukauka. Kiangazi hupungua, unangoja ndoo ijae, lakini hayajakauka mpaka leo ninapoandika. Luiche bado huja na tope miaka ya mvua nyingi. Sijui nilipime vipi jambo hilo. Kuna siku naona tulishinda na kuna siku naona tulichagua tu namna ya kushindwa.

Watu wa Burundi walipoanza kurudi kwao, yeye alirudi pia, na binti ambaye sasa aliongea Kiswahili cha Ujiji kuliko mimi. Lakini kabla hajaondoka, michikichi ilizaa, na mafuta ya kwanza yakatoka.

Aliyaleta mwenyewe, Jumapili, ndani ya kidumu, kwa sababu wanakijiji walisema sehemu ya kwanza iende kwa mzee wa msitu. Mama alikuwa amepika migebuka na sombe na ugali wa muhogo. Aliyamimina mawese yale kwenye kikaango, mekundu mazito, nyumba nzima ikanukia. Baba alikuwa amestaafu mwezi huo. Alikaa mkekani na shati lake la kaki lisilo na kazi tena. Mama alimsogezea sahani. Aliitazama. Mafuta yalikuwa yamezunguka samaki, yanameta, na hakuna aliyeanza kula.

Akanawa. Akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yameelekea mlangoni, kule ambako siku za mwanga mzuri ziwa huonekana.

"Mazuri," akasema. "Nipe tena."

Mama akamwongezea. Aliinamisha kichwa kwenye sahani, na sisi wanawake watatu tukaanza kuzungumza habari za mvua, kwa sauti kubwa kidogo, ili ale kwa nafasi.